Caroline Norton: mama aliyenyang'anywa wanawe, akaigeuza sheria

Kama wewe ni mfuatiliaji wa kipindi chetu cha familia, utakuwa umeona swali linalorudi kila wiki katika ujumbe mfupi mnaotutumia. Ni hili: tukiachana, watoto wanabaki na nani? Wapo wanaouliza wakiwa bado ndani ya ndoa, wanaogopa kutoka. Wapo wanaouliza wakati watoto wamekwisha kupakiwa kwenye pikipiki na kupelekwa kwa bibi mzaa baba. Wapo pia akina baba ambao mama wa watoto kaondoka nao usiku, na hadi leo hawajui wako wilaya gani.

Wengi mnauliza vilevile kuhusu umri wa miaka saba. Umesikia kijiweni au kwenye kikao cha ukoo kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni wa mama. Ni kweli? Na kwa nini saba, isiwe mitano au kumi?

Nimeona tulijibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja. Si Mtanzania, na hajawahi kufika Afrika. Ni mwanamke wa Uingereza aliyezaliwa zaidi ya miaka 200 iliyopita, mwenye watoto watatu wa kiume waliochukuliwa siku moja asipokuwepo nyumbani. Kilichompata yeye kina mkono katika sheria ambayo hakimu wa wilayani kwako anaisoma leo.

Jina kubwa, mfuko mtupu

Caroline Sheridan alizaliwa London tarehe 22 Machi 1808. Babu yake, Richard Brinsley Sheridan, alikuwa mwandishi maarufu wa tamthilia na mbunge. Lakini jina halijazi ghala. Baba yake alipelekwa kufanya kazi ya serikali huko Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, akafia huko mwaka 1817. Mama alibaki mjane mwenye watoto wengi na fedha kidogo. Familia ikapewa makazi ya bure katika jumba la kifalme la Hampton Court, kama ilivyokuwa desturi kwa familia za watumishi wa serikali zilizopata msiba.

Caroline na dada zake wawili, Helen na Georgiana, walisifiwa kwa uzuri, na kila mmoja alikuwa na ulimi mwepesi. Caroline alianza kuandika mashairi akiwa bado msichana mdogo. Katika familia isiyo na mali, hata hivyo, msichana alitegemewa kuolewa, tena mapema.

Ndoa ya mwaka 1827

Mwaka 1827, akiwa na miaka 19, aliolewa na George Norton. Huyu alikuwa mwanasheria na mbunge, na kaka yake mkubwa alikuwa lodi. Kwa nje ilikuwa ndoa nzuri. Ndani, ilianza kuharibika katika miezi ya mwanzo. George alikuwa mwepesi wa hasira na alimpiga mkewe, hata wakati wa ujauzito. Walitofautiana kwa siasa na tabia, na kubwa zaidi, fedha. George hakuwa na kipato cha kueleweka. Caroline ndiye aliyeanza kuleta fedha kwa vitabu vyake vya mashairi na kwa kuhariri majarida ya wanawake.

Walizaa watoto watatu: Fletcher mwaka 1829, Brinsley mwaka 1831 na William mwaka 1833.

Caroline alimtafutia mumewe kazi kupitia marafiki wa familia yake. Mmoja wao alikuwa Lodi Melbourne, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwaka 1831 George akapata kazi ya uhakimu katika mahakama za jiji la London. Melbourne alizoea kumtembelea Caroline nyumbani kuzungumza siasa na vitabu. George alijua na hakupinga, kwa kuwa urafiki ule ulikuwa umempa mshahara.

Siku nyumba ilipokuwa tupu

Mwanzoni mwa mwaka 1836 ugomvi ulifika kilele. Caroline alipanga kwenda na watoto kwa kaka yake, ambaye George hakupatana naye. Siku ya safari, Caroline alipokuwa kwa dada yake akitafuta ushauri, George aliwatoa watoto nyumbani na kuwakabidhi kwa mtu wake. Mama aliporudi, hakuwakuta.

Aliwatafuta hadi akaipata nyumba walimofichwa. Akaingia, akakaa chini akilia, akisikia vishindo vya miguu yao juu ya dari wakicheza. Hakuruhusiwa kupanda ngazi. Akaondoka bila kuwaona. Fletcher alikuwa na miaka sita, Brinsley minne, William miwili.

Msikilizaji, hapa wengi wetu tungesema aende polisi au mahakamani. Caroline naye alifikiri hivyo. Alipouliza wanasheria, jibu lao lilimshangaza: mumewe hakuwa amevunja sheria yoyote.

Sheria ilisemaje wakati ule

Katika Uingereza ya wakati ule, mtoto halali wa ndoa alikuwa wa baba. Baba angeweza kumchukua, kumpeleka kwa ndugu, kwa mtumishi au kwa mwanamke mwingine, na kumzuia mama asimwone kabisa. Mama hakuwa na haki yoyote ya kisheria, hata angekuwa mwema kiasi gani na baba mkatili kiasi gani. Kama baba alifariki, angeweza kuacha wosia unaomkabidhi mtoto kwa mtu baki huku mama yu hai.

Kuna kesi ya mwaka 1804 iliyoonyesha ukali wa sheria hiyo. Mama mmoja alimkimbia mumewe akiwa na mtoto wa miezi minane anayenyonya. Baba akaja, akamnyakua mtoto na kuondoka naye kwenye baridi. Mama akaenda mahakamani. Majaji wakasema baba ndiye mwenye haki, na kama hakuna ushahidi kwamba mtoto yuko hatarini, mahakama haina la kufanya. Mtoto wa maziwa akabaki kwa baba.

Tena, mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa kama mtu kamili mbele ya sheria. Hakuweza kushtaki kwa jina lake wala kufunga mkataba. Fedha aliyopata kwa jasho lake ilikuwa ya mume. Talaka kamili ilihitaji sheria maalumu ya Bunge kwa kila ndoa, jambo lililowezekana kwa matajiri wachache, karibu wote wanaume.

Kesi iliyotikisa serikali

George hakuishia kuchukua watoto. Mwezi Juni 1836 alimshtaki Lodi Melbourne kwa madai ya kuzini na mkewe, akitaka fidia ya pauni 10,000. Wakati huo Melbourne alikuwa amekwisha kuwa Waziri Mkuu. Wapinzani wa serikali walikaa mkao wa kula.

Kesi ilisikilizwa tarehe 22 Juni. Miongoni mwa waandishi wa habari waliokuwepo alikuwa kijana Charles Dickens, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mkubwa wa riwaya. Mashahidi wa George wengi walikuwa watumishi waliowahi kufukuzwa kazi, na maelezo yao yalipishana. Jopo la raia waliokuwa waamuzi halikuhitaji hata kutoka chumbani kujadiliana. Walisema hapo hapo kwamba madai hayakuthibitishwa.

Melbourne akabaki Waziri Mkuu. Caroline hakupata kitu. Yeye hakuwa mlalamikaji wala mdaiwa, kwa hiyo hakuruhusiwa kusema neno hata moja mahakamani, ingawa heshima yake ndiyo iliyokuwa ikijadiliwa. Jina lake likawa mzaha mitaani. Na kwa kuwa alionekana hana hatia, hata ile talaka mumewe aliyoitaka haikuwezekana. Akabaki mke wa mtu asiyeishi naye, na mama wa watoto asiowaona. George akawapeleka Uskoti, kwa dada yake.

Aliandika kwa sababu hakuwa na njia nyingine

Caroline alikuwa na kitu kimoja ambacho wanawake wengi waliopatwa na masaibu kama yake hawakuwa nacho: alijua kuandika, na watu walimsoma. Mwaka 1837 alichapisha kijitabu kilichoeleza dai la asili la mama kukaa na watoto wake wachanga. Hakuandika habari zake peke yake. Alikusanya kesi za wanawake wengine na kuonyesha jinsi majaji wenyewe walivyokiri kwamba matokeo ni ya kikatili lakini mikono yao imefungwa.

Hoja yake ilikuwa hii: kama majaji wanasema sheria imewafunga mikono, basi Bunge liwafungue. Hakuomba watoto wote wapewe mama zao. Aliomba jaji awe na uwezo wa kusikiliza pande zote mbili na kuamua.

Alimpata mbunge wa kumsaidia, mwanasheria Thomas Noon Talfourd. Talfourd aliwahi kumtetea mume katika kesi ambapo mama mwema aliamriwa kukabidhi mabinti zake wadogo, wakati mume mwenyewe alikuwa na mwanamke mwingine. Talfourd alishinda kesi ile, lakini ushindi haukumpa raha. Akakubali kupeleka muswada bungeni.

Haikuwa rahisi. Mwaka 1838 muswada ulipita Bunge la Makabwela, ukakwama Bunge la Malodi kwa tofauti ya kura chache. Waliopinga walisema mke akijua anaweza kupata watoto, ataiacha ndoa kwa urahisi. Kwa maneno mengine, walitaka mtoto awe kamba ya kumfunga mama nyumbani. Msikilizaji, hoja hiyo bado unaisikia kwenye vikao vyetu.

Jarida moja kubwa lilimtukana Caroline kwa kurasa nyingi. Alitaka kulishtaki, akaelezwa kwamba mke hawezi kushtaki kwa jina lake mwenyewe. Alijibu kwa kuandika tena. Mwanzoni mwa 1839 alitoa barua ndefu kwa mkuu wa majaji, safari hii akitumia jina la kiume, Pearce Stevenson, ili hoja isomwe bila watu kuangalia mwandishi ni nani. Nakala zikafika mikononi mwa wabunge.

Agosti 1839

Mwezi Agosti 1839 sheria ilipita. Ilimruhusu mama kwenda mbele ya jaji na kuomba mambo mawili. La kwanza, kuruhusiwa kuwaona watoto wake. La pili, kama mtoto hajafikisha miaka saba, kupewa mtoto huyo akae naye hadi afikishe umri huo.

Hapo ndipo ilipo ile namba saba, imeandikwa katika sheria ya mwaka 1839.

Tusiipambe sheria hiyo kupita kiasi. Mama aliyethibitika kuzini hakuweza kuitumia. Maombi yalipelekwa katika mahakama ya juu ya London, yenye gharama kubwa, kwa hiyo mke wa mkulima au wa kibarua hakuifikia. Na baba aliendelea kuwa mwenye haki ya kwanza. Mama aliruhusiwa kuomba tu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza sheria ya Uingereza kukubali kwamba haki ya baba inaweza kupimwa na jaji. Mlango ulifunguka kidogo, na haukufungwa tena.

Sheria isiyomfikia aliyeipigania

Watoto wa Caroline walikuwa Uskoti. Uskoti ina mahakama zake na sheria zake, na sheria ya 1839 haikufika huko. Mumewe, mwanasheria, alijua hilo vizuri. Kisha muda ulikuwa umepita. Fletcher alikuwa na miaka 10, Brinsley amefikisha saba. Aliyekuwa bado chini ya umri uliotajwa ni William peke yake.

Wanawake wengine wakaanza kuwaona watoto wao kwa sababu ya kazi yake. Yeye aliendelea kuwaona wake mara chache, kwa masharti ya mumewe.

Mwezi Septemba 1842 watoto walikuwa kwa baba yao huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. William alianguka kutoka kwenye farasi mdogo, akaumia mkono. Jeraha lilikuwa dogo. Halikutunzwa ipasavyo, likaingia sumu. Mama alipoitwa, ilikuwa kuchelewa. Alisafiri, na alipofika mwanawe alikuwa amekwisha kufa, amelazwa kwenye jeneza. William hakuwa amefikisha miaka 10, na zaidi ya nusu ya maisha yake alitengwa na mama.

Caroline aliamini hadi mwisho kwamba mkono wa mama ungeliona lile jeraha mapema. Hakuna awezaye kulithibitisha hilo. Baada ya mazishi, George alilegea. Akawaruhusu Fletcher na Brinsley kukaa na mama yao kwa vipindi. Kilichoshindwa kufanywa na mahakama kilifanywa na kaburi la mtoto.

Fedha za vitabu vyake

Mapambano hayakuishia kwa watoto. Mwaka 1848 Caroline na George waliandikiana makubaliano ya fedha za matunzo. Miaka michache baadaye George akaacha kulipa. Mwaka 1853 mfanyabiashara aliyekuwa akiwadai alifungua kesi, na mahakamani Caroline akajua kwamba makubaliano yale hayana nguvu, kwa kuwa mume na mke ni mtu mmoja kisheria, na mtu hawezi kuingia mkataba na nafsi yake. Zaidi ya hapo, mumewe alidai kwamba hata malipo ya vitabu alivyoandika mkewe ni yake.

Akarudi kwenye kalamu. Mwaka 1854 na 1855 aliandika kuhusu sheria zinazowahusu wanawake, kijitabu cha pili kikiwa katika mfumo wa barua kwa Malkia Victoria. Bunge wakati huo lilikuwa likijadili sheria mpya ya ndoa na talaka, iliyopita mwaka 1857. Baadhi ya mambo aliyoyalilia yaliingia: mke aliyeachwa akalindiwa kipato chake, na mke aliyetengana na mumewe kwa amri ya mahakama akaweza kufunga mkataba na kushtaki kwa jina lake.

Ni vizuri kusema pia jambo moja ambalo wengi hawalitarajii. Caroline hakuamini kwamba mwanamke na mwanamume ni sawa. Alisema wazi kwamba mwanamume ndiye mkubwa kwa asili. Alichotaka ni kwamba mkubwa akikosa wajibu wake, sheria imkinge mdogo. Wanawake waliodai haki sawa baada yake hawakumpenda kwa hilo. Lakini mlango waliopitia ulikuwa umeguswa na mkono wake.

Miaka ya mwisho

Fletcher alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1859, akiwa na miaka 30. Brinsley aliugua maisha yake yote, akaishi Italia na mkewe. Caroline alisaidia kulea wajukuu.

George Norton alifariki mwaka 1875. Kwa miaka karibu 40 tangu watengane, Caroline alikuwa bado mke wake kisheria. Machi 1877, akiwa mgonjwa na karibu na miaka 69, aliolewa na rafiki yake wa siku nyingi, Sir William Stirling-Maxwell. Akafariki tarehe 15 Juni mwaka huo huo. Brinsley alimfuata wiki chache baadaye.

Ndani ya ukumbi wa Bunge la Malodi, Bunge lile lile lililoukataa muswada wake mara ya kwanza, upo mchoro mkubwa wa ukutani uliochorwa na Daniel Maclise, unaoonyesha Haki kwa umbo la mwanamke. Mwanamke aliyekaa mbele ya mchoraji ili achorwe alikuwa Caroline Norton.

Kutoka London hadi mahakama ya wilaya

Baada ya Caroline, sheria ya Uingereza ilisogea hatua kwa hatua. Mwaka 1873 umri ulipandishwa kutoka saba hadi 16. Mwaka 1886 majaji walitakiwa waangalie ustawi wa mtoto pamoja na mwenendo na matakwa ya wazazi. Mwaka 1925 likatamkwa jambo kubwa zaidi: ustawi wa mtoto ndio wa kwanza, na baba hana daraja la juu kuliko mama.

Angalia mwendo huo. Swali la kwanza lilikuwa baba ana haki gani. La pili, mama ana haki gani. La tatu, mtoto anahitaji nini. Ilichukua karibu miaka 90 kufika kwenye swali la tatu.

Sheria za Kiingereza zilikuja kwetu pamoja na ukoloni. Baada ya uhuru tulitunga zetu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inasema mahakama inapoamua mtoto akae na nani, jambo kuu ni ustawi wa mtoto. Chini ya hilo inaangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii ya wazazi hao. Kisha inasema inachukuliwa kwamba ni vyema mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama. Ile namba saba, imerudi.

Lakini sikiliza vizuri hapa, kwa sababu ndipo vikao vyetu vinapokosea. Sheria haisemi mtoto wa chini ya miaka saba ni mali ya mama. Inaanza kwa kuchukulia kwamba anafaa kuwa na mama, na baba anaweza kuleta ushahidi kuonyesha kwamba kwa mtoto huyu sivyo. Pia sheria inamtaka hakimu azingatie madhara ya kumhamisha mtoto huku na huko. Na haisemi kwamba akifikisha saba baba anakuja kumbeba. Baada ya umri huo swali linabaki lile lile: ustawi wake uko wapi?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeongeza mengine. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Mahakama izingatie maslahi yake, umri wake, maoni yake kama ameyatoa kwa hiari, umuhimu wa ndugu kukaa pamoja, na umuhimu wa malezi yasiyokatikakatika. Wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kutunzwa, na ana haki ya kumtembelea mzazi asiyekaa naye, mradi isivuruge masomo. Kwa majirani zetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo makuu katika kila jambo linalomhusu, na wajibu wa malezi ni wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la.

Na ng'ombe je? Katika jamii zetu nyingi zinazofuata ukoo wa baba, mahari ikishalipwa wazee husema watoto ni wa ukoo huo. Kwa Waluguru na jamii nyingine za ukoo wa mama, hesabu inakwenda upande wa pili. Sheria imeziruhusu mila kusikilizwa, ila imeziweka chini ya ustawi wa mtoto. Hakimu atakuuliza zaidi kuhusu nani anampeleka mtoto kliniki, shule iko umbali gani, nani anabaki naye ukiwa shambani, na kama kuna kipigo au ulevi nyumbani. Mara nyingi atamtaka afisa ustawi wa jamii afike kwako aone na kuandika taarifa. Jiandae kwa maswali hayo, ewe mama na ewe baba.

Amri ya mahakama nayo si ya milele. Hali ikibadilika, mzazi anaweza kurudi kuomba ibadilishwe. Kisichofaa ni kujichukulia. Kumnyakua mtoto njiani kutoka shule ndicho alichofanya George Norton mwaka 1836, na kumficha mtoto kwa ndugu wilaya ya mbali ni Uskoti ya siku zetu.

Kama uko katika jambo hili, usianze na pikipiki wala na usiku. Anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako au ofisi ya mtendaji wa kata, ueleze, uelekezwe. Beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya mtoto, na taarifa za shule kama unazo.

Caroline Norton aliwakosa watoto wake katika miaka ambayo hairudi, akawapatia wengine nafasi ya kusikilizwa. William alikuwa na miaka miwili alipotengwa na mama yake. Pengine kwenu yupo mtoto wa umri huo, amelala chumba cha pili, nyinyi mnagombana. Kabla ya kikao kijacho, muulizeni kila mzee atakayekaa hapo swali moja tu: huyu mtoto anahitaji nini?

Tuandikie kama una swali, na uendelee kutegea sikio kipindi chetu cha familia.